Simu ya Katibu Ikilia Katikati ya Mkutano

Somo letu la leo linahusu programu za simu ambazo vikundi vingi siku hizi hutumia kuandikia michango, mikopo na faini. Tutazungumza juu ya jambo moja tu, ambalo wengi hawaliulizi mpaka liwaume: programu inafanya nini wakati haiko mbele ya macho yenu?

Tunawaandikia watu wa namna mbili. Kwanza ni ninyi wanakikundi, ili mjue la kuuliza kabla ya kuliacha daftari. Pili ni vijana wetu, wasichana kwa wavulana, wanaojifunza kuandika programu, na ambao mara nyingi tunawapa kazi hii kwa bei ya soda. Tukifika mahali pa vijana tutasema. Wengine msikilize tu, hata kama kuna maneno mageni mawili matatu.

Yaliyotokea chini ya mwembe

Kuna kikundi cha akina mama ambacho tumekitembelea kwa miaka mingi. Wako 28, na kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 200. Zamani waliandika kwenye daftari. Kisha kijana wa mmoja wao akawatengenezea programu nzuri, yenye majina yote 28 na mahali pa kugusa kwa kidole mtu akishatoa. Mwezi wa kwanza na wa pili mambo yalikwenda sawa. Basi daftari likaachwa nyumbani.

Mwezi wa tatu katibu alikuwa amefika kwa mwanachama wa 22 wakati simu ilipolia. Alikuwa binti yake, anapiga kutoka Nairobi. Katibu akainuka, akaenda kando, wakaongea kama dakika nne hivi. Mweka hazina hakungoja. Aliendelea kupokea pesa kwa maana akina mama walikuwa na haraka ya kurudi kukamua. Katibu aliporudi, mmoja akamwomba aipige picha risiti ya mbegu isije ikapotea. Akafungua kamera, akapiga. Aliporudi kwenye programu akakuta orodha ya majina 28 na hakuna hata alama moja.

Sasa hebu fikirini. Sandukuni kulikuwa na shilingi 5,000, yaani watu 25. Mwenyekiti akauliza ni nani ametoa. Ikainuliwa mikono 26. Hapakuwa na mwizi pale, hilo tunaliamini mpaka leo. Labda kuna aliyekumbuka faini ya mwezi uliopita akadhani ni mchango wa siku ile. Lakini maneno yakaanza. Wengine wanamtazama katibu, wengine wanamtazama mweka hazina. Mwishowe mama mmoja mzee, mjane, akafungua fundo la leso yake, akaweka shilingi 200 juu ya meza, akasema yaishe. Hakuja mkutanoni tena kwa miezi mitatu.

Tulimwita yule kijana. Alishangaa kweli. Akasema programu yake ameijaribu mara nyingi na haina kosa. Na ni kweli aliijaribu. Aliijaribu nyumbani, ameketi kitini, hapigiwi simu na mtu.

Meza ndogo na sanduku la chuma

Tuchukue mfano wa katibu mwenye meza ndogo na sanduku la chuma. Meza ni kumbukumbu ya kazi ya simu, ile ambayo wauzaji huiita RAM. Kila programu unayoifungua hutandaza karatasi zake hapo mezani. Sanduku ni ile hifadhi ambayo haipotezi kitu hata betri ikizima, mahali picha zako zinapokaa.

Ukipigiwa simu, karatasi za michango husukumwa pembeni ili mgeni apate nafasi. Bado zipo. Ukirudi mara moja utazikuta. Lakini kamera ni mgeni mwenye mizigo mingi, na meza haimtoshi. Hapo simu hufagia zile karatasi za pembeni, haiulizi wala haiagi. Zilizokuwa zimekwisha kuwekwa sandukuni zinabaki. Zilizokuwa mezani tu, zimekwenda.

Simu nyingi vijijini kwetu zina meza ndogo. Mnamo 2017 Google ilitangaza Android ya namna ya pekee kwa simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au chini yake, iitwayo Android Go, kwa sababu watu wengi duniani wanatumia simu kama hizo. Simu isiyofagia meza yake ingekwama kabisa, hata kupokea simu isingeweza. Kwa hivyo msiilaumu simu. Ilifanya kazi yake.

Kosa lilikuwa hapa: kijana aliziacha alama zote 22 mezani, akingoja katibu abonyeze "Hifadhi" mwisho wa mkutano. Ni kama mweka hazina anayeshika pesa za watu wote mkononi mpaka jioni ndipo azitie sandukuni.

Kijana, hapa ndipo pako

Android huipitisha kila programu katika hali kadhaa. Kuna hali ya kuwa mbele, inaonekana na inaguswa. Kuna hali ya kuonekana bila kuguswa, kwa mfano dirisha dogo likija juu yake. Hapo mfumo huiita sehemu ya programu iitwayo onPause. Kuna hali ya kufunikwa kabisa, na hapo huitwa onStop. Halafu kuna kuondolewa mezani.

Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha wengi. Kuna sehemu iitwayo onDestroy, na tumewaona vijana wakiweka humo kazi ya kuhifadhi, wakidhani kifo cha programu ni lazima kitangazwe. Simu ikiiondoa programu kwa sababu ya kukosa nafasi, onDestroy haiitwi. Ulichopanga kukifanya wakati huo hakifanyiki.

Je, tuhifadhi kwenye onPause? Hapana, pale ni mlangoni na mgeni anasubiri kupita. Android inataka umalize upesi, kwa hivyo usianze kuandika mambo mengi au kutafuta mtandao. onStop ina nafasi zaidi. Lakini kwa pesa za watu sisi tunasema usingoje hata hiyo. Kidole kikigusa jina, alama iandikwe kwenye hifadhidata papo hapo, kisha ndipo rangi ibadilike kwenye skrini. Android ina SQLite ndani yake tangu mwanzo, na tangu 2017 kuna Room inayorahisisha kazi hiyo. Alama moja ya shilingi 200 ni kitu kidogo mno, haichoshi simu yoyote.

Kitufe cha "Hifadhi" kiondoke basi? Kwa mchango, ndiyo. Weka mahali pake "Funga mkutano", ambacho kazi yake ni kujumlisha na kuzuia mabadiliko. Hata kama hakikubonyezwa, yaliyoandikwa yameandikwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo akina mama watalishukuru. Mbali na pesa, katibu anataka kujua alikuwa amefika wapi: mwanachama wa 22, au nambari ya simu aliyoiandika nusu. Kwa haya Android hukupa kibahasha, unakijaza katika onSaveInstanceState, naye anakutunzia mpaka urudi. Kibahasha ni cha vitu vidogo. Pia hutupwa mtu akiiondoa programu kwa kidole kwenye orodha ya zilizofunguliwa, au simu ikizimwa na kuwashwa. Kwa hivyo usitie pesa humo.

Na mtego wa ViewModel. Hiki ni chombo kizuri, maana ukigeuza simu ikalala ubavu, yaliyomo hayapotei. Kijana anageuza simu mara tatu, anaona kila kitu kipo, anasema amemaliza. Lakini ViewModel iko mezani na karatasi nyingine zote. Kamera ikija na mizigo yake, nayo inafagiwa. Kugeuza simu ni mtihani wa darasa la kwanza tu.

Kulipa mara mbili

Hapa tuende pole pole, kwa sababu alama iliyopotea huandikwa tena, lakini pesa zilizotoka kwenye simu ya mtu zina maneno yake.

Kikundi kimoja cha wafuga kuku kiliwekewa programu ambayo mwanachama anaweza kulipia mchango kwa M-Pesa bila kutoka ndani yake. Unabonyeza "Lipa", na baada ya muda dirisha la kuomba nambari ya siri linakuja juu ya skrini. Mwanachama mmoja aliweka nambari yake. Ujumbe ukaingia, naye akaenda kuusoma, jambo ambalo kila mtu mwenye akili hulifanya. Aliporudi kwenye programu, ilikuwa imesahau kila kitu. Kitufe cha "Lipa" kiko palepale kinamtazama. Akadhani haikukubali. Akabonyeza tena, akaweka nambari ya siri tena. Shilingi 500 zikawa 1,000.

M-Pesa haikukosea, maana iliombwa mara mbili na ikalipa mara mbili. Mweka hazina aliona nambari mbili tofauti za malipo kwenye taarifa, akamrudishia. Lakini angekuwa mtu asiyejua kusoma ujumbe, je?

Tazameni mara ngapi programu ilikwenda nyuma katika malipo hayo mamoja. Dirisha la nambari ya siri liliifunika, halafu ujumbe, halafu yeye mwenyewe akaondoka kwenda kusoma. Kwa programu ya malipo, kwenda nyuma ni jambo la kila siku, lipangwe tangu mwanzo.

Kijana, fanya hivi. Kabla ya kutuma ombi, andika sandukuni kwamba kuna malipo ya shilingi 500 ya mwanachama fulani, yenye nambari yako mwenyewe, na hali yake ni "yanasubiri". Ndipo utume. Programu ikirudi mbele, kitu cha kwanza ifungue sanduku iangalie kama kuna yanayosubiri. Kama yapo, kitufe cha "Lipa" kifungwe, na mwanachama asomeshewe kwa Kiswahili cha kawaida: "Tunaangalia malipo yako, tafadhali usilipe tena." Kisha iulize seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayotunza hesabu za kikundi. Anayetumia Daraja, mlango ambao Safaricom imewawekea watengenezaji wa programu, hupelekewa jibu la malipo kwenye seva, na seva pia inaweza kuuliza ombi limefikia wapi. Jibu hilo linafika hata kama simu ya mwanachama imezima betri. Kwa hivyo ukweli wa malipo utafutwe kwenye seva. Na seva nayo ikatae ombi lolote linalokuja mara ya pili na nambari ileile.

Baadhi ya vijana humwacha mtu atazame kiduara kinachozunguka, wakisema asiondoke mpaka kiishe. Tunaomba waache desturi hiyo. Mama yuko sokoni, mteja amefika, ataondoka tu.

Nani anaona programu ikiwa nyuma?

Fungua ile orodha ya programu zilizofunguliwa. Utaona kila moja ina picha ndogo ya ukurasa wake wa mwisho. Kama ukurasa wa mwisho ulikuwa madeni ya wanachama, basi mtoto aliyeazimwa simu acheze mchezo anayaona madeni ya jirani, bila kuhitaji nambari ya siri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na nambari za vitambulisho na mikopo ya watu ni habari za kulindwa, hata kikundi kikiwa kidogo.

Kwenye Android kuna alama iitwayo FLAG_SECURE ambayo huificha picha hiyo. Lakini inakataza pia kupiga picha ya skrini, na vikundi vingine vimezoea kutumiana picha ya ukurasa wa jumla kwenye WhatsApp. Tungependelea iwekwe kwenye kurasa za mikopo na vitambulisho, na ukurasa wa jumla uachwe wazi. Hilo kikundi kiamue chenyewe, lisiamuliwe na kijana peke yake.

Vivyo hivyo na kuomba nambari ya siri upya. Programu inayoiomba kila simu inapolia huchosha, na katibu aliyechoka huweka 1234. Tumeona dakika tano zinafaa kwa mkutano. Kijana asijaribu kuhesabu dakika hizo akiwa nyuma, kwa maana huenda kuhesabu kukasimamishwa. Aandike saa ya kuondoka, na akirudi alinganishe. Atumie ile saa ya ndani inayohesabu tangu simu iwashwe, sababu saa ya ukutani mtu yeyote anaweza kuirudisha nyuma.

Kutuma hesabu pasipo mtandao

Tutasema kidogo tu. Watu wengi wanadhani programu ikiwa nyuma inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huzuia kazi za nyuma ili kuokoa betri, na Android 8.0 ya 2017 ilikaza zaidi. Baadhi ya kampuni za simu nazo zimeongeza masharti yao. Kwa hivyo programu iliyopangwa kutuma hesabu kila dakika kumi haitatuma. Kuna WorkManager, iliyotangazwa 2018: unaikabidhi kazi, unaiambia ingoje mtandao, nayo huikumbuka hata simu ikizimwa na kuwashwa. Haiahidi saa kamili. Kwa hesabu za kikundi hilo halina shida, kama kila ukurasa unaonyesha wazi ni zipi zimekwisha kutumwa na zipi bado.

Wenye iPhone katika vikundi vyetu ni wachache, lakini nao wasidanganyike. Huko programu ikienda nyuma hupewa kama sekunde tano za kumalizia, na ikitaka zaidi lazima iombe. Baada ya hapo hulazwa.

Jaribio la kufanya pamoja

Kabla ya kuipokea programu yoyote, ifanyieni mtihani huu mkutanoni, kwa simu ya katibu mwenyewe, siyo ile ya kijana yenye meza kubwa. Andikeni wanachama watano wa kujaribu. Katikati ya mtu wa sita, mmoja wenu ampigie katibu simu, azungumze dakika tatu. Akimaliza afungue kamera apige picha kadhaa, kisha WhatsApp, kisha redio kama anayo. Arudi. Wote watano wako? Wa sita je, programu inajua alikuwa amefikiwa? Halafu aiondoe kwa kidole kwenye orodha ya zilizofunguliwa, aifungue upya. Wa sita anaweza kuwa amepotea, lakini wale watano lazima wawepo. Mwisho azime simu kabisa katikati ya kuandika, kama betri iliyoisha.

Kijana naye ana njia ya kuhakikisha kwamba simu imefagia kweli. Akigusa nambari ya toleo la mfumo mara saba kwenye mipangilio, hufunguliwa sehemu ya watengenezaji. Humo kuna mahali pa kuilazimisha simu isitunze ukurasa wowote unaoachwa, na pengine pa kupunguza programu zinazobaki nyuma. Mwenye kompyuta na kebo anaweza kuiondoa programu iliyo nyuma kwa amri ya am kill. Akimaliza arudishe yote kama yalivyokuwa, au mwenye simu atalia.

Yule kijana wa akina mama 28 alifanya marekebisho kwa jioni mbili. Siku hizi katibu akirudi kutoka kwenye simu, anakuta maneno juu ya orodha: "Umefika kwa mwanachama wa 22." Hata hivyo tuliwashauri waandike na daftari pia mpaka mikutano mitatu ipite na hesabu zote mbili zilingane. Walipita mitatu. Wanaandika bado. Mweka hazina anasema daftari halipokei simu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Hesabu za kikundi chenu ziko kwenye simu ya nani, na simu hiyo hufanya kazi gani nyingine siku ya mkutano?

Mwanachama akilipa kwa simu na programu isionyeshe kitu, mmekubaliana asubiri muda gani, na amuulize nani kabla ya kulipa tena?

Ikiwa sanduku linasema 25 na mikono iliyoinuliwa ni 26, kikundi chenu kitafanya nini kabla mtu yeyote hajafungua leso yake mara ya pili?